Rapa jasiri kwa wanawake tu, wanaume anawazungushia mafumbo

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimekasirika tangu asubuhi.

Kuna huu wimbo mpya wa rapa mmoja anayewachana mastaa wenzake, Arusha nzima inaupiga. Siutaji, mnaujua, na mwenyewe anachotafuta ni kutajwa. Nimepanda Hiace Kwa Mrombo nashuka Kilombero, dereva kaurudia mara tatu. Na niseme ukweli, mwanzoni nilicheka. Yule msanii anayeringia gari la kukodi mpaka mwenye gari anakuja kulichukua wakiwa bado wanashuti video, nilicheka. Yule anayenunua watazamaji mtandaoni halafu ukumbini wanajaa mabaunsa peke yao, nilicheka pia.

Ukaja ubeti wa pili. Anamtaja mwigizaji, jina na jina la baba, kwamba kaachika mara mbili na hana mtoto. Anamfananisha na shamba lililopitiwa na matrekta ya mkoa mzima lisiote hata mchicha. Gari zima likaangua kicheko. Wanafunzi wa sekondari wamesimama mlangoni na sare zao, wanaimba naye neno kwa neno. Konda anafuata mdundo kwa kugonga bati.

Mimi niko kwenye ndoa mwaka wa nane, sina mtoto. Nilikaa siti moja na wifi yangu. Wifi hakucheka. Aligeuza uso dirishani, akaangalia nje mpaka tukapita Mbauda. Afadhali angecheka.

Najua watakuja wa kuniambia hip hop ndivyo ilivyo, nikasikilize kwaya. Mimi nimekulia Ngarenaro, mtaa uliolipa jina kundi la rap la Nako 2 Nako. Watengwa wa Kijenge nawajua, X Plastaz waliochanganya rap na nyimbo za Kimaasai nimewasikiliza tangu niko shule. Machalii wa hapa nimewaona wakichanana mpaka unamwonea mtu huruma, lakini wanachanana kwa kazi: huna mistari, staili umeiba, mtaa unaousema hata njia yake huijui. Hayo chaneni usiku kucha, niko mbele kabisa napiga kelele. Tumbo la mtu limeingiaje humo?

Kilichonipandisha hasira zaidi ni hiki. Nimerudi nyumbani nikausikiliza upya na daftari mkononi. Waliotajwa kwa majina ni saba, wote wanawake. Wanaume nao wamo, ila wao ni "bosi fulani", "mwenye redio anajijua", "mheshimiwa mmoja". Kumbe mafumbo anayajua! Anajua akimtaja mwenye redio wimbo haupigwi, akimtaja bosi shoo hapati, akimtaja mheshimiwa ataitwa mahali akajieleze. Mwigizaji aliyeachika atamfanya nini?

Waimbaji wa taarab wamepashana miaka na miaka bila kumtaja mtu. Mwenye ujumbe wake anainuka na hela mkononi anaenda kutunza, mlengwa anajijua pale alipokaa. Fumbo ni la wote au si la mtu. Huwezi kuwapa wenye nguvu fumbo na wanyonge ukawapa jina la baba.

Halafu watu wanamwita jasiri. Machi 2017 rapa Nay wa Mitego alikamatwa Morogoro kwa ajili ya wimbo wake "Wapo", akaachiwa baada ya Rais Magufuli mwenyewe kutaka wimbo uendelee kupigwa. Mpende usimpende, pale aliwagusa watu wenye uwezo wa kumweka ndani. Huyu wetu kamgusa nani wa namna hiyo?

Sitaki BASATA, baraza la sanaa la taifa, waufungie. Wakiufungia utasambaa mara mbili, na yeye atajiita shujaa. Ninaowaomba ni madereva wa Kwa Mrombo: mna wanafunzi humo ndani, mna akina mama, ubeti wa pili urukeni. Na nyie watangazaji mnaomkaribisha studio mkicheka naye, muulizeni swali moja tu, kwa nini wanawake wamepata majina na wanaume mafumbo, halafu mwacheni ajibu bila kumkatia muziki.

Shoo yake ya hapa mjini nilishanunua tiketi mbili, yangu na ya wifi, kabla wimbo haujatoka. Hatuendi. Na siziuzi, kwa hiyo msinifuate inboksi.