Tumelipa dola 894 kuona machweo ya Twelve Apostles, tukapewa dakika 20 na mama yetu hakuona kitu

Wakuu, habari za wakati huu.

Nimekaa na jambo hili siku nne nikijiambia litapoa. Halijapoa, na kila nikifungua begi la kamera linanipanda upya. Nitaandika kirefu kwa sababu humu tuko wengi tunaoishi Melbourne, Geelong na miji mingine ya Australia, na tunapokea wazazi kutoka nyumbani. Mzazi akifika, kitu cha kwanza tunachowaza ni kumpeleka akaone ile barabara ya pwani, Great Ocean Road, na Twelve Apostles, yale mawe marefu yaliyosimama baharini. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na mwingine. Jina la kampuni siliweki kwa sasa kwa sababu malalamiko rasmi yanaandaliwa.

Mimi ni mpiga picha. Harusi na ubatizo ndizo zinazonilisha, lakini bahari ndiyo ninayoipenda. Mama mzazi wa rafiki yangu alikuja kutoka Tanga kumwona mjukuu wake. Ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na sote tunamwita Mama kwa sababu kwa miezi mitatu ametulisha kama watoto wake. Tiketi ya kurudi ilikuwa ya Jumanne. Tukakaa sisi marafiki, Watanzania watatu, Mkenya mmoja wa Mombasa na dada mmoja wa Bujumbura, tukaona Jumamosi iliyopita ndiyo siku pekee ambayo hakuna aliye zamu. Wanaofanya kazi kwenye nyumba za wazee na maghalani huku wanajua ugumu wa kupata siku moja ambayo watu watano wako huru.

Tukaamua tusiendeshe wenyewe ili Mama asichoke na kila mtu afurahi. Tukalipia kampuni ya utalii. Dola 149 kwa kichwa, sisi watano na Mama wa sita, jumla dola 894. Ratiba waliyotutumia kwa maandishi ninayo hadi sasa: kuondoka mjini saa moja na nusu asubuhi, tao la kumbukumbu pale Eastern View, Kennett River kutazama wanyama waitwao koala kwenye mikalitusi, chakula Apollo Bay, korongo la pwani la Loch Ard Gorge, kisha Twelve Apostles "hadi machweo", kurudi Melbourne saa tatu na nusu usiku. Hayo maneno "hadi machweo" ndiyo yaliyotufanya tuwachague wao na kuwaacha wengine waliokuwa na bei ya chini. Nilipiga simu kabla ya kulipa, nikauliza mara mbili. Nikajibiwa ndiyo, machweo, msiwe na wasiwasi.

Sasa sikieni kilichotokea.

Basi lilifika kutuchukua likiwa limechelewa, tukaondoka saa mbili na dakika ishirini. Sawa, binadamu anachelewa. Baada ya hapo tukasimamishwa kwenye duka la zawadi ambalo halikuwemo kwenye ratiba, dakika hamsini nzima. Watu wanazunguka kwenye rafu za sabuni na vikombe huku nje jua la asubuhi linaisha. Niliposhuka kumwambia mwongozaji kwamba muda unakwenda, alinijibu nisubiri kama wenzangu.

Pale kwenye tao tukapewa dakika kumi, watu ishirini na wanne, foleni ya picha. Mwongozaji hakusema lolote. Aliwasha kanda iliyorekodiwa, nayo ikakatika katikati. Jamani, ile barabara ilichimbwa na wanajeshi waliorudi kutoka Vita ya Kwanza ya Dunia, kama elfu tatu hivi, kuanzia 1919 hadi 1932, kwa sururu na koleo na baruti, na imejengwa kuwa kumbukumbu ya wenzao waliokufa vitani. Nilimsimulia Mama mwenyewe tukiwa garini. Akauliza, "Mwanangu, kwa mikono?" Nikamwambia ndiyo Mama, kwa mikono. Akanyamaza akitazama ule mwamba dirishani kwa muda mrefu. Hiyo ndiyo safari niliyotaka aipate, na ilibidi nimpe mimi kwa sababu aliyelipwa kuifanya kazi hiyo alikuwa kwenye simu.

Kennett River tuliipita bila kusimama, hatukuambiwa kwa nini. Apollo Bay tukala, hapo sina lawama.

Twelve Apostles tukafika saa tisa kasoro dakika kumi alasiri. Mwongozaji akashika kipaza sauti: saa tisa na dakika kumi kila mtu awe ndani ya basi, atakayechelewa ataachwa. Dakika ishirini. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamfuata, nikamwonyesha ratiba kwenye simu, nikamwambia hapa pameandikwa machweo, na machweo leo ni karibu saa kumi na mbili kasoro jioni. Akasema mpango umebadilika, na basi lina kazi nyingine usiku.

Ambao hamjafika pale niwaeleze palivyo. Maegesho yako upande wa bara. Unapita jengo la wageni, helikopta za watalii zinanguruma nyuma yako, unaingia kwenye handaki linalopita chini ya barabara kuu, ukitokea upande wa pili ndipo unaanza kufuata njia ya kuelekea kwenye majukwaa ya kutazamia. Kwa kijana ni mwendo wa dakika chache. Kwa Mama mwenye magoti, ukijumlisha na kusubiri watu ishirini na wanne washuke mlango mmoja, ni hesabu nyingine kabisa.

Mama alikuwa amevaa doti mpya ya kanga aliyoitoa Tanga kwa ajili ya siku hiyo. Usiku wa kuamkia Jumamosi aliipiga pasi mwenyewe, akaikunja, akaiweka juu ya kiti. Imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Picha nilishaipanga kichwani: Mama kasimama kwenye ukingo wa jukwaa, kanga inapepea, nyuma yake mawe yale yanageuka rangi ya asali jua likiyapiga kwa ubavu. Nilikuwa nimebeba stendi ya kamera, filta mbili na lenzi ya milimita 85 ya kukodi. Ile lenzi nimeilipia siku nzima.

Tulipotoka upande wa pili wa handaki nikaangalia saa. Zimebaki dakika nane. Upepo wa bahari ukatupiga, Mama akashika kanga kwa mikono miwili. Akasikia mawimbi, akauliza, "Ndiyo pale?" Mwanawe akamwambia bado kidogo, mama. Akatazama njia iliyobaki, akatutazama sisi, akasema, "Nyie tangulieni wanangu, mimi nitawakuta." Hakuna aliyetangulia. Tungemwacha vipi? Na tungempeleka vipi halafu turudi kwa wakati, wakati tumeambiwa tutaachwa zaidi ya kilomita 200 kutoka nyumbani?

Tukageuka. Kijana wa Mombasa peke yake alikimbia hadi jukwaa la kwanza na simu, akarudi anahema. Picha yake imepinda, ina bega la mtalii mwingine upande wa kushoto, na mawe yamefifia kwa mwanga mkali wa alasiri. Mama aliishika ile simu akaitazama, akasema, "Basi wanangu, msihuzunike, bahari ni bahari, hata ya Raskazone naiona kila siku." Alisema hivyo kutufariji sisi. Dada wa Bujumbura aligeuka pembeni akafuta macho.

Picha niliyonayo ya Mama siku ile ni moja. Kasimama kwenye mdomo wa handaki, kashika kanga, nyuma yake ukuta wa zege. Jana tukimsindikiza uwanja wa ndege wa Tullamarine aliniuliza picha zitakuwa tayari lini.

Loch Ard Gorge nayo hatukuiona kabisa, na iko kilomita chache tu mbele ya pale tulipogeuzia. Ndipo ilipovunjikia meli ya Loch Ard tarehe 1 Juni 1878. Ilikuwa na watu 54, wakapona wawili: kijana wa melini Tom Pearce na binti abiria Eva Carmichael, ambaye Tom alimvuta kutoka kwenye maji hadi kwenye ule ufukwe mdogo. Nilishawasimulia wenzangu wiki nzima. Tumelipia kwenda, tumegeuzwa mlangoni.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa. Tumerudi Melbourne saa kumi na mbili na nusu jioni! Ratiba inasema saa tatu na nusu usiku. Kuna muda wa saa tatu nzima uliokuwa wetu, tumeulipia, umechukuliwa. Tungeondoka pale baada ya jua kuzama bado tungefika ndani ya muda waliotuuzia. Asije mtu kuniambia habari za sheria ya saa za dereva. Sheria hiyo naiheshimu, sitaki dereva mchovu anibebe usiku, lakini wao ndio waliopanga na kuuza safari ya hadi saa tatu na nusu. Jua lilizama nyuma yetu tukiwa tumeshaipita Geelong. Nililiona kwenye kioo cha pembeni cha basi, jekundu, anga safi bila wingu.

Nasisitiza hilo la anga kwa sababu ya jibu lao. Niliwaandikia usiku uleule. Wakajibu Jumatatu kwa mistari mitatu: ratiba inaweza kubadilika kutokana na hali ya hewa na barabara, poleni, tunawapa punguzo la asilimia 15 mkisafiri nasi tena. Hali ya hewa gani? Barabara gani? Hapakuwa na mvua, hapakuwa na ajali, hapakuwa na kufungwa kwa njia. Dakika hamsini zimekwenda dukani na saa tatu zimekwenda kwenye kazi yao nyingine, kama mwongozaji alivyotamka kwa kinywa chake.

Kuna ndugu kaniambia kwenye simu, "Acha bwana, mtakwenda siku nyingine, mawe hayana miguu." Mimi nitakwenda. Mama hatakwenda. Kwa umri wake na safari ile ya kuunganisha ndege, alishatuambia hii ndiyo ya kwanza na ya mwisho. Na hata hayo mawe hayakai. Yanaitwa mitume kumi na wawili lakini hayajawahi kufika kumi na mawili, yalikuwa tisa, na moja likaporomoka Julai 2005, yamebaki manane. Lile daraja la mwamba la London Bridge, mbele kidogo ya hapo, lilivunjika Januari 1990, watalii wawili wakabaki upande wa baharini hadi helikopta ikawatoa. Ni mwamba wa chokaa, bahari inaula kila siku. Anayekuuzia nafasi ya kuuona kisha akakupora, amekupora kitu ambacho hawezi kukurudishia kwa punguzo la asilimia 15.

Sheria ya mlaji ya Australia inasema huduma lazima itolewe kwa uangalifu na ustadi unaostahili, na ilingane na kile mlichokubaliana. Pia inakataza kumpotosha mteja. Sisi machweo tumeahidiwa kwa maandishi na kwa simu. Nimewaandikia tena nikidai warudishe fedha, na nimewapa hadi Ijumaa ijayo. Wakikaa kimya tunakwenda Consumer Affairs Victoria, ofisi ya jimbo inayoshughulikia haki za walaji, na ikibidi VCAT, baraza linalosikiliza madai kama haya. Nina risiti, ratiba, picha yenye saa ya kufika na picha yenye saa ya kuondoka, na abiria wengine wanne wa basi lile wamekubali kuandika walichokiona.

Wenye wazazi wanaokuja, nawasihi: kodini gari. Huku wanaendesha kushoto kama kwetu. Laleni Port Campbell au Apollo Bay usiku mmoja, nendeni na mzazi taratibu jioni, kaeni hadi jua lizame. Siku tuliyokwenda sisi hapakuwa hata na kiingilio. Dola 894 zingetosha gari, vyumba na chakula.

Ninachoomba kwenu, wakuu: aliyewahi kupeleka madai ya safari VCAT, alihitaji ushahidi gani, na ilimchukua muda gani? Na kama kuna aliyepanda basi la namna hii Jumamosi iliyopita kutoka Melbourne, akageuzwa saa tisa na dakika kumi, ani-PM. Nataka tuandike barua moja.