Dabo besi yangu inalia kama nyuki, naomba ushauri

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa wanaojua dabo besi, hii ala kubwa ya nyuzi inayopigwa kwa kusimama. Yangu ina kama wiki mbili imeanza kutoa mlio kama nyuki kwenye chupa, na sio kila noti, ni nikipiga A ya wazi (waya wa A bila kubonyeza) na B flati inayofuata tu, waya wa D na G ziko safi kabisa. Mwanzo nikadhani waya unagonga ubao wa vidole nikapandisha briji (kile kibao kinachoinua waya) kwa zile skrubu zake, wapi, nimeumiza vidole tu. Nimebana kebo ya pikapu (kile kifaa cha kunasa sauti) kwa selotepu, nimekaza mguu wa chini, bado. Jana mtu akashika teilpisi (kile kipande kinachoshika waya kwa chini) huku napiga, mlio ukapungua ila haukuisha!! Halafu nikigonga ubavuni kwa konzi, pale karibu na kiuno panalia kama pameachia hivi, tofauti na kwingine.

Hewa imekuwa kavu sana siku hizi, inaweza kuwa gundi ya kiungo imeachia? Na nikiendelea kuipiga naiharibu zaidi? Supagluu ninayo ila naiogopa, nisije nikaimwaga humo halafu fundi akashindwa kuifungua tena.