Naomba ushauri: pingamizi la thamani ya nyumba Texas, inafaa kuendelea?

Wakuu, habari zenu. Notisi ya ukadiriaji inasema thamani ya soko ni dola 360,000, lakini inayotozwa kodi ni 310,000, kwa sababu thamani ya kodi ya nyumba unayoishi mwenyewe haipandishwi zaidi ya 10% kwa mwaka. (Msamaha wa dola 140,000 kwenye kodi ya shule tayari upo, msinielekeze huko.)

Hapo ndipo penye mtego: nikishusha thamani ya soko hadi 330,000, bili ya mwaka huu haipungui hata senti. Faida ni kupunguza mapandisho ya miaka ijayo tu. Ili nilipe kidogo sasa, lazima nishuke chini ya 310,000.

Fomu 50-132 (ya kuwasilisha pingamizi) inatakiwa kufikia Mei 15, au siku 30 baada ya notisi kutumwa, ikiwa hiyo ni baadaye. Nitaweka alama kwenye hoja zote mbili, bei ya soko na usawa na majirani.

Waliowahi kufika mbele ya bodi inayosikiliza mapingamizi: msingi wa nyumba una nyufa. Picha za kabla ya Januari 1 (tarehe ambayo thamani hukadiriwa) zinatosha, au niambatanishe makadirio ya fundi? Na kwa hoja ya usawa, mlipeleka nyumba ngapi za kulinganisha?