EJ20 (injini ya Subaru) ya turbo: taa ya oili inawaka kwenye kona ndefu

Wakuu, Impreza turbo, nguvu za kiwandani. Barabarani haina neno, ila siku ya saketi (uwanja wa mbio za magari) taa ya oili inawaka katikati ya kona ndefu. Nianzie wapi?

Jibu: Usiikimbize tena kabla ya kufungua sampu (bakuli la oili chini ya injini), mkuu. Kwenye kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja, nyingine inabaki kwenye silinda hedi, bomba la kunyonyea linavuta hewa. Kagua pia kiungo cha bomba lenyewe, la kiwandani hupasuka hapo. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kuua beringi za konrodi (mikono inayoshika pistoni). Funga bomba imara zaidi na sampu yenye vizuizi ndani. Halafu kata filta, kunjua karatasi yake juani: ukiona chembe zinazong'aa, beringi zimeshaanza kulika, shusha injini.

Jibu: Sahihi kabisa. Ongeza geji ya presha na ya joto la oili, maana taa huchelewa mno. Joto likipita nyuzi 130, achia gesi, zunguka taratibu mpaka lishuke. Stiki ya kupimia oili isome alama ya juu kila unapoingia saketi.

Jibu: Boost (presha ya turbo) isiguswe kwanza. Injini ikinoki (mafuta yakilipuka ovyo ndani ya silinda), kingo za ringi kwenye pistoni zinavunjika.