Mtihani wa Kiswahili Darasa la Saba: majibu yote sahihi, mwanangu kawekewa kosa!

Wakuu, nimefura na sitaficha. Binti yangu yuko Darasa la Saba hapa Dodoma, Septemba ana mtihani wa taifa. Jana karudi na karatasi ya mtihani wa majaribio wa Kiswahili, macho mekundu. Nikaisoma swali kwa swali, nikaishiwa nguvu.

“Asha ni mrefu ____ Rehema.” A. kuliko, B. kushinda, C. kupita, D. zaidi ya. Kachagua B, kawekewa kosa. Jibu lao ni A peke yake! Jamani, lipi kati ya hayo manne si Kiswahili? Nenda soko la Majengo uulize zabibu zipi tamu, utaambiwa hizi tamu kupita zile, na hakuna atakayekushangaa. Mtunzi ameokota kila neno tunalolinganishia, akayapanga yote, halafu akaamua matatu ni makosa.

Linalofuata ndilo lililoniumiza. “Ng'ombe ____ wamepotea.” Mtoto wa Kigogo, babu yake ana zizi, kaandika “zetu” kama anavyosikia tangu azaliwe. Wao wanataka “wetu” tu. Sikatai “wetu”, nayo ni sahihi. Lakini tunasema ndugu zangu wamefika, rafiki zangu wamefika, baba zetu wamesema. Kimilikishi kinafuata ngeli ya I-ZI, kitenzi kinabaki ngeli ya A-WA kwa kuwa hao ni viumbe hai. Hiyo ni sarufi, si uzembe wa mtoto! Ukiuliza upatanisho, uliza penye jibu moja: “kijana amelala” au “kijana kimelala”. Hapo akikosea, mkosoeni, nami nitamkosoa nyumbani.

Halafu tashbihi: mrefu kama nini? Kaandika twiga. Jibu lao, mlingoti. Twiga ndiye mnyama wa taifa hili, leo hafai kuwa mfano wa urefu? Mtunzi alitaka msemo aliokaririshwa yeye.

Nilimfuata mwalimu wake, mama mstaarabu kabisa, namheshimu. Akanijibu kwa upole: “Baba, majibu yameletwa hivyo, sina la kufanya.” Na kweli, mtoto akishasiliba herufi hana pa kujieleza. Insha ungeona anavyofikiri. Herufi haisemi kitu.

BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ipo tangu 1967. Ninyi mliotunga mtihani, kabla ya kuchapa maelfu ya karatasi, mnashindwa nini kumpa mtu mmoja anayejua lugha ayasome maswali arobaini? Ni kazi ya asubuhi moja!

Jana usiku kaniuliza, “Baba, kwa hiyo tuache kusema ng'ombe zetu?” Nimemwambia asiache.

Wazazi wa Chamwino, Bahi na Kongwa, kama wanenu wamefanya karatasi hii, wekeni hapa namba za maswali yenye utata. Jumatatu nakwenda ofisini kwa hao waliotunga mtihani na orodha.