Naomba ushauri: ni watoto wa kunguni au chawa wa vitabu?

Assalaam aleikum ndugu zangu. Hapa Lamu, kwenye zidaka (vishubaka vya kuwekea vitu) za ukuta wa matumbawe, tangu masika kuna vidudu vyeupe vya kimanjano, milimita 1 hivi, havina mbawa, vipapasio virefu. Hukimbia na kusimama ghafla, palepale penye ukungu na vitabu. Nimevinasa kwa selotepu nikavitazama kwa kioo cha kukuzia: kichwa kikubwa, tumbo laini, hamna damu. Mishono ya godoro na chaga nimekagua, sikuona madoa meusi wala magamba. Dawa ya kupuliza iliviua, baada ya wiki mbili vikarudi (si ajabu, ukungu haukuguswa).

Mtoto wa kunguni mwenye njaa naye huwa mweupe. Je, urefu wa vipapasio unatosha kuwatofautisha? Na ukuta wa chokaa unaovuta unyevu kutoka chini nitaukausha vipi, bila kuuziba kwa rangi ya mafuta?