Nimepigwa kwenye meli ya kitalii Mediterania: walituuzia Venice, tukapandia Ravenna (uzi mrefu, nina hasira)

Wakuu salaam. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa viza, hili ni jambo jingine kabisa. Nimekaa nalo kifuani wiki tatu najiambia acha, yamepita, lakini jana wamenipigia simu ndo damu ikachemka upya. Naandika kwa simu, makosa ya uchapaji mtanisamehe.

Kwanza mnijue ninayelalamika. Mi mtoto wa Unguja, nimekulia Malindi, ukitema mate yanaangukia bandarini, na kabla sijaja huku Ujerumani nilikuwa papasi, yaani dalali wa watalii. Ndio papasi, sioni haya. Boti ya Dar ikifunga mi nishafika getini, mashamba ya viungo, Changuu kuna makobe, hoteli ninayo. Na zikija zile meli kubwa za watalii ndo Idi yetu, maana wale wazungu wana masaa manne tu, hawana nafasi ya kuuliza bei sehemu mbili. Unawapitisha mbio mbio Forodhani, nyumba ya Freddie Mercury, Mkunazini kwenye soko la watumwa, Darajani wakazibe pua mbele ya samaki, alafu unawamalizia duka la vinyago la jamaa yako ambako kila wanachonunua na wewe una chako pembeni. Tulikuwa tunawacheka mno yakhe. Ati huyu naye akirudi kwao atasema kaiona Zanzibar.

Sasa Agosti hii ya 2025 Mungu kanigeuzia kibao.

Ilikuwa miaka kumi ya ndoa. Mama watoto akasema kila mwaka hela inakwenda nyumbani, mara ada, mara paa la mama, mara hii na sisi tutoke. Mtaani kwetu kuna ofisi ya safari (jina siliweki, siwapi kiki, na kampuni ya meli pia siitaji) dirishani wamebandika bango la meli nyeupe na bahari ya bluu: siku kumi, Venice, Dubrovnik, Kotor, Corfu, Athens, Santorini, Malta, Roma. Euro 1,150 kwa kichwa, kebini ya ndani isiyo na dirisha, chakula humo humo. Nikapiga hesabu, hoteli peke yake ya usiku tisa ingenitoa zaidi, nikasaini. Mbuzi kwenye gunia hata hakulia.

Makaratasi yalipokuja yameandikwa "Venice (Ravenna)". Haya, nani kati yenu angeshtuka? Mi nikajua Ravenna ni jina la gati, kama mtu anavosema Dar, Ubungo. Tumetua uwanja wa ndege wa Venice na masanduku yetu namuuliza kijana wa kampuni mwenye kibao, gati iko wapi, akanionyesha basi. Euro 55 kwa mtu. Tukakaa kwenye lile basi masaa mawili na zaidi tunapita mabwawa na mashamba, mke wangu ananitazama tu hasemi kitu na nyinyi mliooa mnajua ule ukimya. Ni kama kilomita 140 wakuu. Unguja nzima toka Nungwi mpaka Makunduchi haifiki hapo.

Kumbe Waitaliano walishapiga marufuku toka tarehe 1 Agosti 2021, meli inayozidi tani 25,000 au urefu wa mita 180 hairuhusiwi tena kupita mfereji wa Giudecca pale mbele ya mji, baada ya watu wa Venice kupiga kelele miaka na miaka na hasa baada ya Juni 2019 meli moja kugonga gati na boti ya watalii mchana kweupe. Na mi watu wa Venice siwalaumu hata kidogo, wametetea mji wao, laiti na sisi Mji Mkongwe tungekuwa wakali hivo. Ninaowalaumu ni hawa ambao miaka minne baadaye bado wanauza jina la Venice. Ungeniambia tu unapandia Ravenna ningekuja siku moja kabla, maana huo mji wenyewe una makanisa yenye michoro ya vijiwe vya rangi ya karne ya 6 na kaburi la Dante, yule mshairi wao mkubwa, liko pale pale. Hatukuona hata kimoja, basi lilitupeleka moja kwa moja Porto Corsini kwenye foleni.

Na kwenye foleni hiyo nikaona kitu ambacho kimenikaa mpaka leo. Binti wa Kikenya, kakaa juu ya sanduku lake analia. Viza yake ya Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) ilikuwa ya kuingia mara moja, na Kotor iko Montenegro, nje ya Schengen, maana yake ukishuka kule alafu ukaingia Corfu, Ugiriki, unahesabiwa unaingia mara ya pili. Wakala wake alimwambia hakuna shida. Wakamkatalia kupanda, meli ikaondoka yeye yupo pale. Sisi tuna vibali vya kuishi vya Ujerumani ndo vikatuokoa. Wale mnaotoka Dar au Nairobi mnaotamani hizi meli, angalieni ramani kabla ya bei.

Dubrovnik, Kotor na Corfu sikuandikieni sana, ni kuzuri, ila ni kama kuangalia harusi ukiwa nje ya uzio. Dubrovnik ina ukuta karibu kilomita mbili unauzunguka mji, tumeuona kwa chini, wakati tunaamua tupande ama tule saa ya basi la kurudi ikafika. Asubuhi unashuka, adhuhuri unarudishwa kama kuku.

Athens ndo nikawajua vizuri. Usiku wa kabla yake kwenye skrini ya kebini linapita tangazo, ziara ya Akropoli (ule mlima wa magofu ya kale) euro 95 kwa mtu, na chini yake onyo kwa herufi nyekundu kwamba anayetembea mwenyewe akichelewa meli haimsubiri. Hii ndo fimbo yao. Ukienda na basi lao likachelewa meli inangoja, ukienda kivyako ushauri wako. Mke wangu akaogopa anasema tulipe. Nikamwambia mama, mi mwenyewe nilikuwa nawatisha watu hivi hivi, "mama usiende peke yako kuna wezi". Tukatembea mpaka kituo cha treni pale Piraeus, bandari ya Athens, ile laini ya kijani, tiketi euro 1.20, ukishuka Monastiraki unauona mlima juu ya kichwa chako. Kiingilio euro 30, kimepandishwa Aprili mwaka huu, na unakata na saa yako ya kuingia kabisa. Tukasimama mbele ya Parthenon, hekalu la Wagiriki wa kale, jengo lina miaka zaidi ya 2,400, jua linachoma kama la Januari Darajani, na nakiri wakuu nilisahau hasira yangu yote. Tulirudi melini tumebakiwa na saa zima. Wale wa euro 95 walifika nyuma yetu wamechoka, wanasema walipelekwa na kiwanda cha viatu vya ngozi.

Mnanielewa lakini? KIWANDA CHA VIATU. Hilo ni duka la vinyago la jamaa yako!

Na humo melini kuna kitu wanakiita semina ya bandari. Unakwenda ukumbini ukidhani utafundishwa historia, anatoka dada mmoja kapendeza na kipaza sauti, dakika kumi za Wagiriki wa kale, dakika arobaini za duka gani la vito "wamelihakiki". Nikamnong'oneza mama watoto, huyu papasi. Papasi mwenzangu namjua hata akivaa tai.

Sasa Santorini, ambayo ndo sababu hasa mke wangu alikubali safari, ile picha ya nyumba nyeupe kaiweka kwenye simu mwaka mzima. Alfajiri nahodha anatangaza upepo mkali, hatushuki. Sikilizeni, mi mtu wa pwani, najua kusi najua kaskazi, siwezi kubishana na nahodha kuhusu upepo, na pale meli haifungi gatini, maji yana kina zaidi ya mita 300 kwa sababu ni shimo la volkano, watu wanashushwa kwa boti ndogo. Kama hali mbaya ni mbaya. Lakini upepo wenyewe una jina, meltemi, unavuma toka kaskazini kila Julai na Agosti tangu enzi za hao hao wenye Parthenon! Haukuja kwa bahati mbaya. Unamuuzia mtu kisiwa katika mwezi unaojua kabisa kuwa huenda usimfikishe, alafu kwenye mkataba ukurasa wa kumi na kitu unaandika nahodha anaweza kubadili bandari yoyote na wewe huna dai.

Tulirudishiwa nini? Kodi ya bandari, pamoja na ile euro 20 ambayo Ugiriki imeanza kuwatoza abiria wa meli wanaoshuka Santorini na Mykonos majira ya joto toka Julai mwaka huu. Tena sio taslimu, ni salio la kutumia humo humo melini, lisipotumika mpaka siku ya kushuka linafutwa. Wakati huo maduka na kasino vimefunguliwa toka asubuhi, maana meli ikiwa bandarini huwa vinafungwa, kwa hiyo siku yetu ya Santorini ikawa siku yao ya mauzo. Mke wangu alilala mpaka saa tisa mchana kwenye kile chumba kisicho na dirisha. Hapo ndo nilitamani kumrukia mtu.

Malta nitaisema kidogo kwa sababu haki ni haki. Meli inaingia ile bandari ya Valletta asubuhi kuta za mawe ya manjano pande zote mbili, mji ulianza kujengwa 1566 mwaka mmoja baada ya Waturuki kuuzingira ule mwambao wakashindwa. Sokoni tunanunua matunda, yule mama anahesabu chenji, sitta, sebgħa, tmienja, disgħa. Mke wangu akanivuta mkono, we baba fulani huyu anasema saba! Tukaanza kumuuliza kama watoto wa chuoni. Kitabu kwao ktieb. Dunia ni dinja. Alhamisi wanaiita Ħamis, Ijumaa Ġimgħa. Lugha yao inatokana na Kiarabu ila wameijaza Kiitaliano, na sisi tumekopa kwenye jungu lile lile. Yule mama naye akafurahi akatuongezea matikiti. Saa sita mizinga ikapigwa kule juu bustanini, na sisi saa saba tuwe ndani. Ningekaa pale siku tano kwa hela ile ile.

Mwisho "Roma", ambayo ni Civitavecchia, kama kilomita 70 toka Roma. Ni kumshusha mtu Bagamoyo ukamwambia karibu Dar. Saa moja asubuhi uko nje na masanduku, bili ishaingia kwenye kadi.

Bili sasa. Bakshishi euro 12 kwa mtu kwa usiku, inakatwa yenyewe hujaulizwa, wawili usiku tisa ni 216. Intaneti 89 ambayo ilikuwa inapanda na kushuka kama bahari yenyewe. Maji ya chupa mezani, kahawa, juisi, vyote hela na juu yake asilimia 15 ya huduma, ikafika 130 na ushee na sisi hatunywi pombe. Picha moja 25 ambayo hata hatukuomba kupigwa. Nilimuuliza kijana Mfilipino aliyekuwa anatuhudumia, mtu mwema kweli, hii bakshishi inawafikia? Akacheka akaangalia pembeni, akanijazia maji. Meli ya kampuni ya Ulaya, wafanyakazi Asia, bendera ya kukodi nyuma kule (meli inasajiliwa nchi isiyo yake), na hilo la bendera nisiseme sana maana na Zanzibar tunakodisha yetu.

Mtakaoniuliza kama nimelalamika: ndio, tena humo humo melini, kwa maandishi, nikadai nakala yenye mhuri, maana sheria ya hapa Ujerumani inataka utoe taarifa wakati safari bado inaendelea, ukinyamaza mpaka ufike nyumbani wanakwambia mbona hukusema. Dai lenyewe lina miaka miwili. Na meli ya namna hii inahesabiwa ni kifurushi cha safari chini ya agizo la Umoja wa Ulaya la 2015, kwa hiyo walichokiuza kisipotolewa kuna kupunguziwa bei, haijalishi kosa ni la nani ilimradi sio lako, na hicho ndo kifungu ambacho yule mama wa ofisi ya safari nilipomtajia akaanza kutafuta kalamu. Nataka bei ya siku ya Santorini na hela ya basi la Ravenna. Aliyewahi kudai akalipwa aje PM anipe barua aliyoandika, Kijerumani changu cha hasira kina makosa mengi.

Na nyinyi mtakaosema "si umeenda Ulaya kutanua, wacha kulia", subirini zamu yenu.

Sasa hiyo simu ya jana. Yule yule mama wa ofisi, sauti ya asali, anasema wamesikitika sana na wameamua kunipa vocha ya euro 100, ila ni kwa safari nyingine tu, tena kuna nzuri sana ya Oktoba, upande wa magharibi, akanitumia karatasi tukiwa bado tunaongea. Nikafungua. Barcelona, Marseille, alafu "Florence (Livorno)". Nikaingia kwenye ramani pale pale, kilomita kama 90. Nikamwambia mama, nisomee hicho kilichoko kwenye mabano. Akakata simu.